Sixième Yangu na Mukebe ya Adolphine

Jumatatu, 2/2/1987

Saba juu ya makumi mbili. Saba! Sielewi. Sielewi kabisa.

Interro, ile jaribio ya kalasi, ilikuwa ya biologie – moyo, damu, mapafu. Kaye yangu ya biologie iko nzuri kuliko ya wote mu kalasi. Hata Virginie, mwenye tunakaa naye ku banc moja, anaiazima kuangalia tu namna ninapiga mistari: bleu chini ya vichwa, nyekundu chini ya maana. Niliikopia daftari yote mara mbili. Siku nne niliisoma nikitembea chini ya mikalitusi, mikono nyuma kama padri. Nilikuwa naona kila ukurasa mu kichwa, hata pale wino ilidondoka. Kisha karatasi inafika, swali haikuandikwa kama mu kaye, imegeuzwa kidogo tu – na kichwa inakuwa nyeupe. Nyeupe!

Professeur Grégoire alinirudishia karatasi, akasema polepole, bila hasira: wewe unajua kaye yako, haujui somo. Kalasi ikacheka. Mimi pia nikacheka. Sijui nilicheka nini.

Papa ameona ile saba. Papa ni mwalimu wa cinquième primaire hapa Bagira, mu Bukavu, tangu mimi sijazaliwa. Hakupiga kelele. Alichukua règle na karton, akachora horaire mpya, akaipachika ku ukuta juu ya meza yangu. Hesabu asubui mbele ya masomo. Pédagogie nikirudi. Kisha français. Kisha kukopia. Hata saa ya kuoga iko ndani. «Kurudilia, Martine. Kurudilia mpaka inaingia.» Examen d'État iko mwezi wa saba. Mimi ndiye wa kwanza mu nyumba hii kufika sixième, mwaka ya mwisho ya secondaire. Wa kwanza – juu dada yangu mukubwa, yaya Adolphine, aliishia cinquième, na Papa hapendi mutu ataje ile mambo.

Alhamisi, 5/2

Kitu ya ajabu leo.

Nilikuwa ku kiwanja, ninarudilia kwa sauti. Yaya Adolphine ilikuwa ku baraza na mashini yake ya kushona, anapinda robe ya mutu. Colombe, mutoto wake, amekaa chini anapanga vifungo. Mimi ninasema: damu inatoka ku ventricule ya kuume ya moyo, inaenda mu mwili yote... Mashini ikasimama.

«Hapana,» yaya akasema, hata hakuinua kichwa. «Ya kuume inaenda kwanza ku mapafu. Wewe umeituma mu mwili mbele haijapata hewa. Huyu mutu yako amekufa.»

Mashini ikaanza tena, trrrr.

Nilikimbia ku kaye. Ni kweli! Na mu kaye yangu iko imeandikwa sawa, kwa mukono yangu, na mustari nyekundu chini. Nimeikopia sawa mara mbili, na kinywa imesema vibaya. Namna gani?

Na yeye – alitoka ku masomo mwaka wa 80, Colombe akiwa mu tumbo. Miaka saba iko ku nyumba. Anajulia wapi?

Jumapili, 8/2

Sasa ninajua. Ao ninajua nusu.

Kisha misa Papa na Mama walienda kusalimia watu Kasha. Nikaingia mu chumba ya yaya, ile ya nyuma, nikamuuliza mbele ya uso: nani anakufundisha? Kisha akavuta chini ya mashini mukebe ya maziwa, ile kubwa ya Nido, akaifungua. Vikaratasi! Mia, labda mia mbili. Amekata mifuko ya simenti, kila moja kama sanduku ya kiberiti. Upande moja swali, upande ingine jibu. *Kwa nini moyo iko na vyumba ine?* Unageuza. Jibu maneno kumi tu.

Anasema: ninaweka moja mbele yangu juu ya mashini. Ninaanza kushona pindo. Mbele pindo iishe, lazima nijibu mwenyewe, bila kugeuza. Nikijibu, karatasi inaenda chini ya mukebe, nitaonana nayo juma ijayo. Nikikosa, inabaki juu, kesho nitaikuta.

– Na kama haujui kitu?
– Ninakaa nayo. Inaniuma kidogo. Kisha ninageuza. Ile yenye iliniuma haipotei.

Nikamuuliza kaye anatoa wapi. Akacheka. Zangu! Kila mara nikienda masomo na kaye ya somo ingine, yeye anasoma zenye zilibaki. Miaka yote! Quatrième yangu, cinquième yangu, yote imepita mu ile mukebe.

Kisha akasema, na sauti ikakuwa ndogo: anataka kufanya examen d'État. Mwaka huu. Kama autodidacte – ni vile wanaita watu wenye wamejisomea ku nyumba. Kuna jury inawapima kwanza, mwezi wa ine. Papa asijue.

Nikasema ndiyo. Mbele nifikiri nikasema ndiyo. Sasa kuko watu wawili wa sixième mu nyumba moja, na horaire iko ya moja tu.

Jumatano, 18/2

Nimejaribu namna yake. Kufunga kaye, kuandika ku karatasi nyeupe yenye ninakumbuka. Mistari ine! Ku somo ya kurasa tisa. Nililia karibu. Na kaye wazi ninajisikia mwenye akili. Na kaye imefungwa ninajisikia mujinga. Yaya anasema ile ya pili ndiyo kweli, ile ya kwanza ni kioo tu.

Papa aliingia akanikuta ninaangalia ukuta. «Kaye iko wapi?» Nikaifungua haraka. Akafurahi, akaenda.

Nani iko na haki? Papa amefundisha watoto mia na mia. Yaya hakufika mwisho.

Jumamosi, 7/3

Nitaandika yote polepole.

Yaya anatakiwa kuweka dossier, makaratasi ya kujiandikisha, mbele ya mwisho ya mwezi. Anakosa kitu moja: bulletin yake ya quatrième, karatasi ya alama. Iko mu sanduku ya chuma ya Papa, chini ya kitanda. Leo asubui Papa ilikuwa ku salongo, kusafisha barabara na watu wa quartier, Mama mu shamba Nyantende. Ufunguo Papa anaiweka nyuma ya picha ya Bikira Maria, kila mutu anajua. Yaya hakutaka kuingia. Alisimama ku mulango, anaangalia inje. «Ingia wewe. Mimi nikigusa vitu vyake, itakuwa mambo.»

Nikaingia. Sanduku inanuka karafuu na makaratasi ya zamani. Vitambulisho, acte ya ndoa, bulletins zangu zote na kamba. Chini kabisa, za yaya. Ku masomo hawaandiki Adolphine, wanaandika jina ya authenticité, ile ya kiafrika yenye serikali inataka: Nzigire. Quatrième pédagogique, ya kwanza ku wanafunzi makumi tatu na mbili. 81%! Mimi sijafika hata 65. Papa alitia sahihi kwa wino bleu, na chini akaongeza kwa mukono yake mwenyewe, mahali wazazi hawaandikake kitu: *Très fier*, ninajivuna sana.

Nilitaka kufunga. Kisha nikaona enveloppe imeingizwa ndani ya bulletin ingine ya yaya. Barua kutoka masomo yake ya zamani. Tarehe 14 mwezi wa nane, 1981. Sista directrice anaandikia Papa. Anasema mutoto Nzigire sasa amezaa na iko na afya; baraza ya walimu imekubali arudi mwezi wa tisa, arudilie cinquième; nafasi yake imewekwa; wanangojea jibu mpaka mwisho ya mwezi.

Niliisoma mara tatu. Ni français rahisi. Haina maneno magumu hata moja.

Yaya anajua kitu moja tu juu ya ile mwaka: kwamba sista walimukataa. Papa ndiye alimuambia. Mama pia anaamini vile. Mimi pia niliamini, nilikuwa na miaka kumi na tatu, nilikuwa ninachukia sista!

Yaya akaita ku mulango: umeipata? Nikasema nimeipata. Nikatoka na bulletin. Enveloppe niliirudisha chini.

Aliona 81, akaona ile *Très fier*. Akapitisha kidole juu yake. Na mimi sikusema kitu.

Jumapili, 8/3

Sijasema.

Ku misa nilikaa katikati ya hawa wawili. Papa anaimba bass. Yaya anamufuta Colombe pua.

Jumanne, 10/3

Nikisema: atapigana na Papa, hataweka dossier, miaka yote ya mukebe bure. Nisiposema: mimi pia niko ndani ya ile sanduku.

Nimekopia kurasa sita za didactique leo. Sikumbuki hata moja.

Ijumaa, 27/3

Kumi na tatu na nusu! Biologie, Professeur Grégoire tena. Swali ziligeuzwa zote, na mimi nilizigeuza tena, ziliingia. Aliandika *enfin*, mwishowe.

Ni vikaratasi. Niko na mukebe yangu sasa, ndogo, ya sardine. Nimejua pia kitu ingine: kusoma somo moja siku nzima ni kujidanganya. Yaya ananichanganyia – swali ya damu, kisha ya Piaget mu pédagogie, kisha hesabu, kisha tena damu. Inachosha, inakasirisha. Lakini kesho yake iko bado. Na ananikataza kubloke, kusoma kwa nguvu usiku, wakati macho inafunga. «Lala. Usingizi pia inashona.» Anafundisha vizuri kuliko walimu yangu wote, na anafundisha na sindano mu kinywa.

Papa alishika karatasi ya 13,5, akaita jirani ku baraza. Muone! Horaire! Muone matunda ya horaire! Nikasema ndiyo Papa. Yaya ilikuwa anashona pale pale, mita mbili. Hakuinua kichwa. Nilisikia haya mpaka ku masikio – haya ya nani, yake, yangu, ya Papa? Sijui kutofautisha tena.

Virginie anataka siri yangu. Nilimuambia ni karafuu, ninatafuna karafuu. Kwa nini nilisema vile?!

Ijumaa, 24/4

Jury imemupokea yaya! Walikuwa watu hamsini na kitu, wamebakisha kumi na tisa, wanawake wawili. Alirudi na taxi-bus, akapita mbele ya Papa, akasema bonjour Papa, akaenda nyuma, akafunga mulango, akaanza kucheka ndani ya mutandio. Colombe alidhani analia, akaanza kulia yeye. Sisi watatu ku kitanda, tunacheka na tunalia.

Kisha akaniuliza, hivi tu, akiwa anakunja nguo: «Unafikiri Papa atasema nini siku atajua? Unajua, siku sista walinikataa, alikaa juma nzima bila kula vizuri. Iliuma yeye kuliko mimi. Ninataka nimutolee ile uchungu.»

Nikasema ninaenda kuteka maji. Ndoo ilikuwa imejaa.

Jumatatu, 18/5

Niliongea vibaya leo. Niandike, nisisahau kwamba ni mimi.

Tulifanya examen ya kujaribu, items, ile maswali ya mwaka jana, sisi wawili ku meza, Papa akiwa ku mukutano ya walimu. Masaa mawili, bila kuangaliana. Mimi 24 juu ya 40. Yeye 33. Na wakati ile yote Colombe alimuita mara tano.

Ilinichoma. Mimi niko na meza, taa, horaire, Papa mwenye kuniachia nyama. Yeye iko na mukebe. Nikasema: kama ulikuwa na akili hivi, ungebakia ku masomo, haungeacha.

Akaweka bic chini. «Sikuacha. Walinifunga mulango. Niliandika barua mbili kwa sista, nilimupa Papa azipeleke. Hawakujibu hata moja. Unajua kungojea jibu na mutoto ku maziwa ni nini?»

Walijibu. Walijibu, yaya. Ilikuwa pale ku ulimi, kama mutu anasimama ku mulango na mukono juu ya kufuli. Kinywa ikafunguka, ikasema: nisamehe.

Akanisamehe. Palepale! Ilikuwa afadhali anipige.

Jumamosi, 6/6

Mvua imeisha, vumbi imeanza. Wiki ine mbele ya examen.

Nilienda kumuona Professeur Grégoire kisha masomo. Nikamuuliza hivi, kwa kuzunguka: kama mutu anajua kitu yenye inaweza kuvunja kichwa ya mwenzake, anamuambia mbele ya examen ao nyuma? Akavua miwani. Nafikiri alidhani ni mambo ya wavulana. Akasema: mwanafunzi wa sixième, mwezi wa mwisho, asiingize kitu mupya mu kichwa. Arudilie yenye iko ndani. Ale, alale, aende na saa. Kitu mupya inasukuma ya zamani.

Aliongea juu ya masomo. Mimi nilichukua kama jibu. Halafu mu njia nikafikiri: lakini hii si kitu mupya, iko na miaka sita! Na ni yake! Nikarudi nyumba nimechanganyikiwa kuliko mbele.

Jumanne, 23/6

Papa anajua. Yote mawili.

Saa nane alinitumia mutoto wa masomo: njoo ku kalasi yangu. Nilikuta amebaki peke yake mu cinquième primaire, watoto wameenda. Amekaa ku banc ya mwanafunzi, si ku meza yake. Magoti inagusa mbao. Mbele yake enveloppe.

– Nimefungua sanduku. Hii ilikuwa ndani ya bulletin. Sasa iko chini yake. Mama yako hajui kusoma. Umeisoma?
– Ndiyo, Papa.
– Tangu siku gani?
– Mwezi wa tatu.

Alitingisha kichwa, polepole, kama wakati mwanafunzi anajibu vizuri kitu mubaya. Kisha akaanza kuongea, si na mimi, na ubao. Alisema: siku barua ilifika nilikuwa bado na hasira. Nikasema aone kwanza uchungu kidogo, nitamuambia kisha mwezi moja. Tarehe ikapita. Nikasema mwaka ujao. Mwaka ujao niliona haya – namna gani nitasema niliiweka? Kisha akaanza kushona, watu wakamusifu, nikasema labda Mungu ndiye alipanga. «Kila siku mimi ninaambia watoto: mutu mwenye amekosa, ainue mukono.»

Sikujua mahali pa kuangalia. Sijaona Papa akiwa mudogo namna ile. Nilitaka kumuchukia, na banc ilikuwa ndogo sana kwake, ikanizuia.

Halafu akauliza: lakini wewe, ulikuwa unatafuta nini mu sanduku?

– Bulletin.
– Zako ziko juu.

Akaniangalia. Ninajua saa gani alielewa, juu mukono yake ilisimama juu ya enveloppe.

«Ya Nzigire,» akasema. Miaka saba sijasikia Papa akitaja ile jina.

Nikamuambia yote. Mukebe, jury, 33 juu ya 40. Kwamba ile 13,5 yangu haikuwa horaire. Alisimama, akafuta ubao, na ubao ilikuwa safi. Alifuta mpaka ku kona. Kisha: «Nenda nyumba. Usimuambie. Nitasema mwenyewe, examen ikiisha. Wiki mbili.»

Tena kunyamaza! Sasa ninanyamaza kwa ajili ya wawili. Ni kumulinda yaya, ao ni kumulinda Papa? Mara ya kwanza pia alisema *mwezi moja*.

Jumamosi, 27/6

Asubui nilikuta taa, ile ya meza yangu, imewekwa ku baraza karibu na mashini. Yaya ananiuliza nani ameiweka pale. Nikasema sijui.

Horaire imetolewa ku ukuta. Inabaki misumari ine.

Jumatatu, 6/7

Siku ya kwanza. Tulishuka mu mji na taxi-bus moja, ukungu bado juu ya ziwa. Papa alitusindikiza mpaka barabara – yaya alidhani ni juu yangu. Aliambia Papa anaenda kununua nyuzi. Papa akasema: nyuzi nzuri basi. Na sauti ikamukatika. Yaya akaniangalia: Papa anagonjwa?

Centre yangu ya examen ni ku masomo yetu, yake iko ingine, kule chini. Tulipoachana akanishika kichwa na mikono miwili. «Swali yenye haujui, iache, endelea, rudi. Usikae unaipigania.»

Ilikuwa ngumu. Lakini kichwa haikukuwa nyeupe. Mara mbili nilimusikia yeye na sindano mu kinywa.

Alhamisi, 9/7

Imeisha. Sijui nimefanya nini. Virginie anasema amefaulu kabisa, mimi sijui hata kama niliandika jina yangu vizuri. Nankafu, na k moja, ndiyo.

Papa leo hajasema kitu. Alisema *examen ikiisha*. Imeisha saa nane.

Jumapili, 12/7

Amesema.

Kisha chakula. Aliita yaya mu salon, akamukalisha ku kiti yake mwenyewe. Mama alikuwa anatoa masahani. Papa alisimama na barua mikononi, alitaka kusoma, akashindwa, akamupa. Yaya akasoma. Aliposoma tarehe, nilimuona anahesabu mu kichwa – 14 ya mwezi wa nane, Colombe alikuwa na miezi nane.

– Waliniwekea nafasi?
– Ndiyo.
– Na barua zangu?
– Nilizipeleka. Ile ndiyo jibu.

Mama aliweka sahani chini, akakaa ku ardhi. Hakujua, maskini. Papa aliendelea kuongea, nimekosa, mutoto wangu, nimekosa, na yaya hakumuangalia. Aligeuka kwangu.

«Wewe ulichukua bulletin. Ulijua?»

Nikasema ndiyo.

«Ulikuwa unaniuliza damu inapita wapi, kila siku, na ulijua.» Si sauti ya juu. Heri ingekuwa ya juu.

Nikasema nilitaka afanye examen na moyo mutulivu. Ni kweli. Lakini nilipoisema haikusikilika kama kweli. Labda niliogopa tu? Labda pia – niandike, hakuna mwenye anasoma hapa – labda siku ya 24 na 33 kipande moja ya moyo yangu ilifurahi kwamba kuko kitu mimi ninajua, yeye hajui.

Alifunika mashini na kitambaa. Akachukua Colombe, nguo kidogo, mukeka. Anaenda Kasha kwa Apolline, rafiki yake mwenye wanashona pamoja. Mama alimusindikiza na mukeka ku kichwa. Colombe anauliza Papa, babu yake: Koko, wewe haukuji? Papa alisimama ku mulango, mukono juu, kama anataka kujibu swali, na hakuna mutu alimuuliza.

Jumatano, 29/7

Nilienda Kasha, mara ya tatu. Ananipokea, ananipa chai, anauliza Mama. Juu ya ile, hapana. Mashini yake walikuja kuichukua na pousse-pousse, mukokoteni ya kusukuma, siku ya Jumatatu.

Nilimuambia Papa anaomba kuja. Akapinda kitambaa mara mbili mbele ya kujibu. «Aje kufanya nini? Kuniambia tena?» Halafu: «Sijui, Martine. Usiniulize kitu yenye sijui bado.»

Yeye! Hajui! Nilidhani yeye anajua kila kitu.

Papa ananiuliza nikirudi: amekula? Mutoto amekula? Ile tu.

Jumanne, 18/8

Radio inasoma matokeo leo. Tangu saa nane tuko ku dirisha, Papa, Mama na mimi. Majirani nao ku zao, Bagira nzima ni sauti moja, mulango ku mulango. Ninaandika juu mikono lazima ifanye kitu.

Wanaenda centre kwa centre. Bunia. Goma. Uvira. Mama anasema rozari.

Saa kumi na robo: Bukavu, autodidactes. Papa akasogea karibu, sikio ku radio. Majina machache. Tatu, ine... «Nzigire, soixante-huit pour cent.»

Mama akapiga kelele! Mimi pia! Sitini na nane! Papa hapana. Alibaki ameinama, kama anangojea waisome tena. Kisha akasimama, akavaa koti yake ya kufundishia, hata vifungo, na jua hii. Akatoka.

Mama: «Baba Martine! Unaenda wapi? Ya huyu haijasomwa!»

«Kasha.»

Nilimukimbilia mpaka ku uzio ya lupango. Papa, ngojea, masomo yetu inakuja sasa hivi! Akageuka. Uso yake ilikuwa imelowa, hakuipangusa. Akasema: «Wewe uko nyumbani.» Ile tu. Akaendelea.

Sijui kama nilipewa kitu pale ao nilinyanganywa. Nimesoma mwaka muzima mbele ya macho yake. Nilitaka anione nikisikia jina yangu! Na nilitaka aende. Vyote viwili, nguvu sawa sawa. Na yaya kule, labda hana radio, labda Papa ndiye atamupelekea habari – atamufungulia? Atamuachia ku jua? Mimi ningefanya nini?

Niko tena ku dirisha. Papa bado anaonekana, koti nyeusi mu vumbi, anapanda kile kilima. Anatembea mbio, kisha polepole, kisha mbio. Mama ananivuta mukono: acha ile kaye, ni masomo yenu, wameanza! Kweli ni yetu. Wanasoma kwa alfabeti. Virginie ametoka – Kahindo, jina yake, 52! Wako ku L. Papa amefika ku kona, amesimama. Anapumua, ao anarudi? Kutoka hapa siwezi kuona. Wako ku M, Nankafu iko karibu. Sijui niangalie barabara ao nisikilize ra–